Mtoto wa Nani? Habari za Rabai na Freretown

Pwani kwetu huulizwi unafanya kazi gani kabla hujaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Ukimtaja baba, utaulizwa babu. Ukimtaja babu, utaulizwa mbari. Mrabai hujibu bila kusita, maana mbari yake ina kaya, kaya ina msitu, na wazee wake wamezikwa humo msituni. Mtu wa Mji wa Kale atataja mlango na mtaa. Upande wa mama yangu swali hilo lilikuwa likifika kwa mzee mmoja na kukomea hapo. Mzee huyo aliteremshwa jahazini Mombasa akiwa mtoto mdogo, na alichokumbuka cha kwao ni mto mpana na jina la dada yake. La baba lilikuwa limempotea. Nyanya yangu, ambaye ni bintiye, alipoulizwa ni wa mbari gani alikuwa akijibu, "Ya kanisani," kisha anaendelea kupepeta mchele wake.

Jibu hilo lina historia, nami nimekuwa nikiifuatilia tangu nilipostaafu ualimu.

Kawaida habari hizi huanzishwa kwa Wazungu. Nitafanya vivyo hivyo, ila nitapita upesi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Haukupita muda homa ikamuua mkewe Rosine na binti waliyekuwa wamempata siku chache tu kabla yake. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lipo Nyali hata sasa. Kwa hiyo mmisheni wa kwanza wa CMS kuhubiri pwani hii kwamba Mungu ni baba alianza kazi akiwa baba aliyezika mtoto. Wahubiri wetu hupenda kumtaja Krapf mtafsiri na Krapf aliyeuona Mlima Kenya. Krapf huyu wa kaburini hawamtaji sana, naye ndiye ninayemwamini mimi zaidi.

Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walipanda Rabai wakajenga. Waliyoyapata huko hayakuwa mengi. Mkristo wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa mgonjwa mahututi. Baada yake walikuja wengine wachache, mmoja leo, mwingine baada ya miaka. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alibaki, akazeeka hapo, na macho yakamfia hapo. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipopita pwani mwaka 1873, alimkuta mzee kipofu na waumini wa kuhesabika kwa vidole, baada ya karibu miaka thelathini ya kazi.

Husemwa kwamba mioyo ya watu ilikuwa migumu. Mimi nasema Mrabai wa wakati ule alikuwa na baba. Alimjua Mulungu kabla ya Krapf kufika, na alijua pia kwamba koma wa babu zake wasipopewa chao watamjia usiku. Shamba alilima kwa sababu ya baba, mke alioa kwa ng'ombe na pombe za baba, na siku ya kufa angezikwa kwa baba. Alipoambiwa kuna Baba mwingine wa kumfuata, habari hiyo njema aliisikia kama habari ya kuondoka nyumbani. Asiye na haja ya kuondoka haondoki. Mringe naye, kwa ulemavu wake, pale kwao alikuwa nusu ndani nusu nje.

Miaka kumi baada ya ziara ya Frere, mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Misheni ilikuwa na mamia ya watu, na wengi wao hawakuwa Warabai wala Wagiriama wala Waduruma. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi, Wazigua. Wenyeji waliwaita mateka.

Utumwa huelezwa kwa minyororo, na minyororo ilikuwepo. Lakini kilichofanyika kwanza kabisa kwa mtoto aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa na kutembezwa hadi Kilwa ni kunyang'anywa baba. Kuanzia hapo hakuna wa kumlipia, hakuna wa kumlilia, hakuna wa kumtafutia mke. Na tuseme haki: watumwa wengi waliobaki mijini walipata namna ya kupanda ndani ya jamii ya Kiislamu. Kumwacha mtumwa huru ni jambo la thawabu katika Uislamu, na wako waliokuwa watu wa nyumba ya bwana wao, wakatumia jina la nyumba hiyo, wakazikwa na dua za nyumba hiyo. Anayesema wamisheni walileta wema mahali pasipo na wema hajakaa Mombasa. Ila hata katika nyumba njema kabisa, ukoo wa mtu huyo ulipitia mkononi mwa bwana wake.

Kabla ya mateka walitangulia wale walioitwa Wabombei. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuwaweka watoto, wengine walipelekwa Bombay, na kutoka huko kwenye kituo cha CMS karibu na Nasik, Bara Hindi. Walisomeshwa, wakafundishwa useremala na uhunzi, wakabatizwa. Mwaka 1864 vijana watatu waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann: William Jones, George David na Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika waliorudi Afrika kwa njia ya Bara Hindi, wakiwa na majina ya Uingereza. Jacob Wainwright, aliyesoma sala ya maziko pale Chitambo moyo wa Livingstone ulipozikwa mwaka 1873, alitoka shule hiyo hiyo. Matthew Wellington, mmoja wa waliousafirisha mwili wake hadi pwani, alitoka huko pia. Mama yake alimwita Chengwimbe.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba haukumaliza biashara hiyo, uliisukuma tu porini na usiku. Manowari ziliendelea kukamata majahazi, na sasa palihitajika mahali pa kuwashusha watu. CMS ikamtuma William Salter Price, ambaye ndiye aliyewahi kuongoza kituo cha Nasik. Alifika mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mahali hapo pakaitwa Freretown kwa heshima ya Frere.

Mtu akishushwa pale alihesabiwa, akapewa nguo na chakula, akaandikwa. Mtu mzima alipewa kipande cha ardhi na kazi ya mikono, mtoto akapelekwa bwenini. Kisha jina. Kuhusu majina sina maneno matamu. Wengi walipewa majina ya watu waliokuwa Uingereza na ambao hawangewaona kamwe. Bagamoyo, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni yao mwaka 1868 na kukomboa watoto sokoni kwa fedha, mambo yalikwenda mbali zaidi: sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambako watoto wa Ulaya walichanga senti zao, na aliyechanga vya kutosha aliweza kumchagulia mtoto wa Afrika jina la ubatizo. Ulikuwa wema wa kweli, na ndani yake mna jambo linalonikera.

Katika rejista moja ya zamani ya ubatizo niliyopata kuifungua, jina la mtoto limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulalia, wa mtu aliyefundishwa na kalamu ya chuma. Inafuata tarehe. Inafuata safu ya jina la baba, na hapo pana kistari. Mstari unaofuata, kistari. Ukurasa mzima hivyo, isipokuwa mahali pawili au patatu ambapo mtoto alikumbuka. Wino wa vistari umekolea kuliko wa majina, kama kwamba kalamu ilikuwa ikisimama kidogo hapo kabla ya kuendelea.

Watu hao ndio waliofundishwa Baba Yetu.

Ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufundishwa, asubuhi na jioni, kabla hata ya kusoma na kuandika. Walifundishwa kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Hebu mfikirie mtoto wa Kiyao na mtoto wa Kimakua wamesimama bega kwa bega. Hawasikilizani kwa lugha zao. Huyu babake pengine aliuawa siku ya kutekwa, wa yule pengine yu hai na anamtafuta bado, au pengine ndiye aliyemtoa kulipa deni wakati wa njaa, maana hayo nayo yalikuwepo. Wote wawili wanaambiwa waseme pamoja kwamba wana baba mmoja. Mimi nimeisema sala hiyo tangu sijajua kufunga vifungo vya shati, na tangu nilipokaa nikafikiri walioisema kabla yangu siwezi tena kuisema mbiombio kama tunavyofanya Jumapili tukiwa na haraka ya kutoka.

Sidhani walielewa theolojia yoyote siku zile za mwanzo, na sidhani ilihitajika. Mtu aliyekatwa kwenye mzizi hahitaji kuelezwa kwa urefu faida ya mzizi. Ndiyo maana neno ambalo Rabai halikuota kwa miaka thelathini, Freretown liliota kwa miaka mitatu. Mbegu ilikuwa ile ile na waliopanda walikuwa wa aina ile ile.

Maisha ya pale yaliendeshwa na kengele. Iliita watu kwenye sala, kazini na shuleni. Iliwaonya pia, kwa sababu matajiri wa Mombasa waliopoteza watumwa hawakulala. Mwaka 1880 walitishia waziwazi kuivamia misheni. Kengele ikilia saa isiyo yake, kila mtu alijua. Bado ipo, chini ya tao lake dogo katika njia panda ukishavuka daraja la Nyali, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni. Utawasikia makanga wakilipigia kelele jina hilo kuanzia asubuhi, na abiria wao wengi hawajui ni kengele ya nini.

Sasa kuna sehemu ambayo vitabu vya kanisa huipita kwa miguu ya paka. Mtu akikuambia Mungu ni baba yako, kisha yeye ndiye anayekugawia shamba, anakupimia nguo, anakuamulia utamwoa nani na lini, hachelewi kudhani baba ni yeye. Baada ya Price kurudi Uingereza, Freretown ilikuja kuwa chini ya msimamizi mlei, J. R. Streeter. Bwana huyo alitaka nidhamu, na aliitafuta kwa kiboko na kwa chumba cha kufungia watu. Waliopigwa ni wale wale waliotolewa majahazini ili wasipigwe tena. Mwaka 1881 habari zilivuja, maofisa wa Uingereza wakafanya uchunguzi wakakuta ni kweli. Streeter akaondolewa, na Price akarudishwa kuja kutengeneza.

Kwangu mimi, mwaka ule wa 1881 ni mkubwa kuliko 1875, mwaka wa kwanza wa Freretown. Mwaka 1875 mateka walipewa baba wa mbinguni. Mwaka 1881 walilazimika kumtenga na Mzungu wa Kisauni. Wangeweza kusema, kama watu wengi wenye akili walivyosema mahali pengine, kwamba ikiwa mtumishi ni huyu basi na bwana wake ni huyo huyo, wakaondoka. Wako waliofanya hivyo. Wengi walikaa, wakaendelea kusali, na kumbukumbu ya kiboko wakaiweka. Nyanya alikuwa na namna moja ya kuwataja wazungu wa zamani: "Bwana fulani alikuwa mwema, Mungu amrehemu, bwana fulani alikuwa mkali, na yeye Mungu amrehemu." Aliyewekwa mahali pa kuhitaji rehema daima alikuwa bwana fulani.

Wabombei waliielewa tofauti hiyo mapema kuliko wote, kwa sababu walikuwa wamesoma na walijua wazungu ni watu. Jones alikuwa Myao aliyechukuliwa utotoni. Alihudumu Rabai kwa miaka ishirini na zaidi kabla Askofu James Hannington hajampa ushemasi, yeye na Semler, mwaka 1885. Miaka ishirini ni mingi mno kumngojesha mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo kila siku. Mwezi Julai mwaka huo huo alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, msafara wa watu wapatao 200. Walipofika Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias, Hannington alitangulia na watu 50, akamwacha Jones na waliosalia. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokwenda nao.

Jones alingoja. Wachache waliookoka walimfikia na habari. Kisha akaugeuza msafara, akawaongoza watu kurudi kwa miguu, kupita bondeni na nyikani, hadi Rabai, walikofika Februari 1886. Mbele ya msafara palitangulia bendera ya kitambaa cha samawati yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia wanamjua Ikabodi wa kitabu cha kwanza cha Samweli, mtoto aliyezaliwa siku ambayo baba yake ameuawa vitani, babu yake ameanguka na kufa, na mama yake anakata roho akimpa jina hilo. Mahubiri yote niliyosikia juu ya bendera ya Jones yalizungumzia utukufu ulioondoka kwa kifo cha askofu. Labda ndivyo. Lakini aliyechagua neno hilo ni mtu aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, na katika Biblia nzima alikuwa na majina mengi ya msiba ya kuchagua.

Wakati huo Rabai kulikuwa na jambo jingine linapikika. Watoro. Freretown ilikuwa ya wale waliotolewa majahazini na manowari, na karatasi zao zilikuwa safi. Lakini watumwa wa mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi waliposikia kwamba huko juu kuna watu wanaosema binadamu wote wana baba mmoja, hawakungoja ufafanuzi. Walifunga virago usiku. Wengine walikwenda kwa Wakristo wa Kigiriama waliokuwa wameunda kijiji chao Fuladoyo, bila mzungu. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Kanisa letu limejaa majina ya maaskofu ukutani. La Koi nimelitafuta kuta nyingi.

Sheria ilikuwa upande wa matajiri. Utumwa ulikuwa halali pwani hii, na ungeendelea kuwa halali hadi 1907. Balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, aliwaonya wamisheni wasihifadhi watoro, na wamisheni nao, kwa nyakati, waliwarudisha watu kwa mabwana zao. Hapo Waraka wa Paulo kwa Filemoni ulikuwa mgumu kuusoma kanisani. Katika waraka huo mtume anamrudisha mtumwa mtoro kwa bwana wake, akimwombea apokewe kama ndugu mpendwa. Anayesoma akiwa na karatasi ya uhuru mfukoni huliona neno "ndugu". Anayesoma akiwa mtoro huliona neno "kurudishwa". Wagalatia ndio waraka wao, kama niliwahi kuona watu na waraka wao, pale Paulo anapotofautisha mtumwa na mwana, na kusema mwana ndiye mrithi.

Mwishoni mwa 1888 mambo yalifika shingoni. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imepokea pwani kutoka kwa Sultani, na mjumbe wake, George Mackenzie, alikuta matajiri wa Mombasa wamechemka: watumwa wao wako misheni, wanajulikana kwa majina, na hakuna anayewarudisha. Price, ambaye alikuwa amerudi tena, alikaa naye wakapiga hesabu. Wakaafikiana na wenye watumwa rial 25 kwa kila kichwa. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu 1,421 walipewa uhuru wao, kila mmoja na cheti chake.

Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tupu. Ilihitaji bandari tulivu na matajiri wasioinua bunduki. Na wenye watumwa walilipwa, waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Hayo yote ni kweli na ni ya kusemwa. Lakini fikiria mahubiri ya Jumapili iliyofuata. Mhubiri anasema mmekombolewa, mmenunuliwa kwa thamani. Kwingine duniani hilo ni fumbo la kufafanuliwa. Rabai, mwanzoni mwa 1889, waliokaa kwenye mikeka walijua bei kamili, walijua jina la aliyelipwa, na cheti walikuwa wamekikunja katika pindo la kanga. Tena walijua kitu ambacho mhubiri wa Ulaya hakukijua: kwamba kulipiwa hakutoshi. Mtumwa akinunuliwa na mtu mwema bado ni mtumwa wa mtu mwema. Walichokuwa wakikingoja katika mahubiri ni sehemu ya pili, kwamba aliyelipa hataki mali, anataka mwana.

Ugenini mbali, mwaka mmoja na siku nane baadaye, tarehe 9 Januari 1890, mwanamke wa Sudan aliyewahi kuuzwa mara kadhaa alibatizwa Venice. Watekaji walimpa jina la Bakhita, kwa sababu yeye mwenyewe kwa hofu alikuwa amesahau alilopewa na wazazi. Mahakama ilikuwa imetamka Novemba iliyotangulia kwamba yuko huru. Hukumu ile aliishukuru, lakini kila alipopita karibu na kisima cha ubatizo alikibusu, akisema hapo ndipo alipofanyika mtoto wa Mungu. Tarehe 1 Oktoba 2000 alitangazwa mtakatifu. Hakuwa wa pwani hii wala wa kanisa langu, ila nyanya yangu angemwelewa bila mkalimani.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Watoto wa mateka walikuwa wa kwanza kusoma, kwa hiyo wakawa walimu, makarani wa reli, wakalimani, makatekista hadi bara. Shule ya kuwaandaa wachungaji iliyokuwa Freretown ilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Mwaka 1934 James Mbotela, mwalimu, mwana wa Myao aliyeokolewa jahazini, alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichosomwa mashuleni na vizazi kadhaa. Kimekosolewa, na kwa haki, kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza na kuwapaka Waarabu. Wanaokikosoa wakumbuke tu kwamba ni habari ya mtu kumwandika babake, mahali ambapo wengi wa rika lake walikuwa na kistari. Wakenya wa umri wangu walimjua mwingine wa ukoo huo, Leonard Mambo Mbotela, sauti ya redioni aliyetuuliza miaka nenda miaka rudi kama hayo tuyafanyayo ni ungwana. Mwaka 1935 alifariki Mombasa mzee Matthew Wellington, na kwa kifo chake wakaisha walioubeba mwili wa Livingstone.

Jambo moja vitabu havilitaji, nalo ni posa. Ukoo usio na mbari unapoozesha binti, nani atakaa mbele? Nani atapokea mahari, nani atasema ndiyo? Kwetu Rabai misheni ilikubalika tangu zamani kwamba mzee wa kanisa anakaa mahali pa mzee wa ukoo, hata kama hana damu na binti huyo. Si cheo cha bure. Ndoa ikiharibika, ni kwake binti atarudi, na ni yeye atakayekwenda kusema na wakwe. Mzee mmoja wa zamani, Mmakua kwa asili, alikuwa amewaozesha wasichana wengi hivi, na kila mwaka Krismasi ukumbi wake ulijaa wajukuu ambao hakuna hata mmoja aliyefanana naye.

Dada yangu alipochumbiwa na watu wa Kaloleni, upande wa pili walikuja na wazee wao watano, wakakaa, wakauliza mbari. Mjomba akaeleza habari yote, jahazi, Freretown, mwaka 1889. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mzee wao mkubwa akamgeukia mzee wetu wa kanisa, ambaye alikuwa amevaa koti kwenye joto la Januari, akamuuliza swali moja tu: "Basi huyu ni mwanao?" Akasema, "Ni wangu." Wakaanza kujadili idadi ya mbuzi, na jadiliano hilo lilichukua muda mrefu kuliko historia yote.